Gari la kambi: kwangu linalipa kwa sababu ndilo gari langu la kila siku

Nina vani yenye kitanda, jiko na friji kwa miaka kadhaa sasa, na watu huniuliza swali lilelile: pesa zote hizo, inalipa? Kwangu inalipa, kwa sababu moja kubwa. Niliuza gari dogo nililokuwa nalo na vani ikashika nafasi yake. Ndiyo inayonipeleka kazini, ndiyo inayobeba mzigo wa nyumbani, na ndiyo tunayolala ndani yake tukiondoka Ijumaa jioni. Ingekuwa inakaa uani imefunikwa turubai ikisubiri likizo, ningekuwa nimeshaiuza.

Niliinunua ikiwa imetumika. Ni vani ya kawaida ya kubebea mizigo iliyogeuzwa na karakana: viti vya nyuma vinakunjwa kuwa kitanda cha watu wawili, paa linainuka na juu yake kuna godoro jingine, jiko lina mafiga mawili, na chini ya sinki kuna tangi la maji. Paa likishushwa, urefu wote hauzidi mita 2. Hilo ndilo nililolisimamia kuliko yote wakati wa kutafuta. Vani zenye paa refu zina nafasi nzuri zaidi ndani, unasimama wima wakati wowote, lakini maegesho mengi ya chini ya majengo yana chuma cha kuzuia magari marefu. Vani isiyoweza kuingia pale unapoegesha kila siku itakulazimisha kuwa na gari la pili, na hesabu yote inaharibika hapo.

Na hesabu yenyewe iko hivi. Gharama za vani ni za aina mbili. Kuna zinazokuja ukitembea: dizeli, ada za barabara, ada za kambi, gesi. Hizo sizilalamikii, maana kila ninapozilipa kuna kitu nimepata. Zinazoumiza ni zile zinazokuja hata kama gurudumu halijazunguka: bima, kodi ya mwaka, ukaguzi, mahali pa kuegesha, riba kama ulikopa, na thamani inayoshuka. Hii ya mwisho mara nyingi ndiyo kubwa kuliko zote, hasa ukinunua jipya, na ndiyo inayosahaulika, kwa sababu hakuna anayekuletea risiti yake. Unakutana nayo siku ya kuuza.

Chukua gharama zote hizo za kusimama kwa mwaka mzima uziite 100. Ukilala ndani ya vani usiku 10, kila usiku umebeba 10. Ukilala usiku 50, kila usiku umebeba 2. Vani ni ileile na bima ni ileile. Sasa ondoa kile ambacho gari dogo lingekula hata hivyo. Tuseme lingekula 60. Vani inabaki kudaiwa 40 tu, na ukiigawa kwa usiku 50 kila usiku unabeba chini ya 1. Weka fedha zako mwenyewe mahali pa namba hizo, kisha linganisha na bei ya kukodi vani ya ukubwa huohuo kwa usiku mmoja. Mtu mwenye wiki mbili tu za mapumziko kwa mwaka, na ambaye tayari ana gari asilotaka kuliacha, ataona kwamba kukodi kunamfaa zaidi. Nimewaambia hivyo marafiki waliokuja kwangu wakiwa na hamu kubwa, na sijutii kuwaambia.

Wazo la gari moja kufanya kazi mbili ni la zamani kama magari haya yenyewe. Mwaka 1947 Ben Pon, mfanyabiashara wa magari kutoka Uholanzi, alichora mchoro mdogo wa gari la mizigo lenye injini nyuma. Volkswagen ilianza kuliunda mwaka 1950, na mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ikatoa sanduku la samani za kambi za kuingizwa ndani yake. Sanduku hilo liliweza kutolewa. Siku za kazi gari linabeba bidhaa, mwisho wa wiki unarudisha sanduku na familia inaondoka. Kwa mfuko wa mtu wa kawaida, naona bado huo ndio mpango mzuri kuliko wote. Magari makubwa yenye bafu na vitanda vya kudumu ni mazuri, lakini hayakupeleki kazini.

Kwenye ununuzi wa vani iliyotumika, watu hufungua boneti na kusikiliza injini. Ni sawa, ila injini ndiyo sehemu rahisi. Vani nyingi za kambi zimejengwa juu ya Fiat Ducato, Mercedes Sprinter, Ford Transit au Volkswagen Transporter, magari yaleyale yanayosambaza vifurushi, kwa hiyo spea zipo na mafundi wanayajua. Kinachoua vani ya kambi ni maji. Kila dirisha, kila tundu la hewa kwenye paa, kila skrubu iliyoshikilia paneli ya sola ni njia ya maji, na mpira au silikoni inayozuia njia hiyo huchoka.

Nilienda kuiangalia vani yangu nikiwa na fundi mmoja mtu mzima aliyefanya kazi ya mbao miaka mingi. Muuzaji alikuwa anatuonyesha taa na redio. Fundi alipanda kitandani, akatoa mito, akafungua kabati la juu kwenye kona ya nyuma na kuanza kugonga plaiwudi kwa kifundo cha kidole, akisogea taratibu kuelekea dirishani. Sauti ilikuwa kavu, ikawa kavu tena, halafu ikafifia. Akanivuta mkono: "Weka dole gumba hapa, mwanangu, sukuma." Ubao ulibonyea kama boksi lililolowa. Kipimo cha unyevu chenye sindano mbili kilithibitisha alichokwisha kukijua kwa sikio. Sehemu iliyoharibika ilikuwa ndogo kuliko kiganja na haikuwa imefika kwenye chuma, kwa hiyo tulishusha bei kwa gharama ya kutoa dirisha, kubadilisha ubao na kuziba upya. Kama ingekuwa imeenea hadi sakafuni, tungeondoka. Kumlipa fundi wa aina hiyo nusu siku ni pesa ndogo kuliko zote nilizotumia kwenye vani hii, na ndiyo iliyoniokolea nyingi zaidi.

Kuhusu umeme, hapa ndipo pesa nyingi hupotea bila sababu. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 kwa volti 12 ina kama wati-saa 1,200 (kipimo cha umeme uliohifadhiwa), lakini ukiitumia kupita nusu mara kwa mara unaiua, kwa hiyo una kama 600 za kutegemea. Friji ndogo ya kompresa katika hali ya hewa ya wastani inaweza kula 400 kwa siku. Taa za LED na simu ni kidogo mno kuhesabu. Kwa maisha hayo, betri moja nzuri na paneli ya sola kwenye paa zinatosha kabisa wakati wa jua. Mambo yanabadilika pale mtu anapotaka birika la umeme. Birika la wati 2,000 linaomba zaidi ya ampea 160 kutoka kwenye betri ya volti 12, na sasa unahitaji inverta kubwa (kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani), nyaya nene na betri za lithiamu kadhaa, wakati jiko la gesi lipo hapohapo linachemsha maji yaleyale. Mimi nilianza na paneli. Lithiamu niliiweka betri ya zamani ilipokufa, na ninaipenda: inatoa zaidi ya asilimia 80 ya ujazo wake bila kuumia, na uzito wake ni kama nusu. Ukienda kwenye baridi kali, kumbuka haitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi 0.

Gesi nayo ina tabia yake. Butani hukaribia kuacha kutoa mvuke kwenye nyuzi 0 za Selsiasi, propani huendelea hadi karibu nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo anayesafiri majira ya baridi anunue propani. Na kitambua kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, si cha kujadili bei. Kinunue kabla ya pazia.

Kutumia vani kila siku kuna gharama yake pia, na lazima niiseme. Dizeli za kisasa zina chujio la masizi kwenye ekzosi. Chujio hilo hujisafisha injini ikiwa moto kwa muda wa kutosha, na safari fupifupi za mjini huliziba. Mimi hupanga angalau safari moja ya barabara kuu kila wiki, na taa ya onyo sijaiona. Mafuta yanaliwa zaidi kuliko gari dogo, hilo halina ubishi. Lakini vani inayotembea haipati shida za vani iliyolala: betri iliyokufa kwa kukaa, diski za breki zilizoshika kutu, matairi yaliyozeeka huku kashata zake, yaani mifereji ya sehemu inayogusa barabara, zikiwa bado nzima. Umri wa tairi unausoma ubavuni, tarakimu nne mwishoni mwa mfululizo unaoanza na herufi DOT. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nimeona vani ikitangazwa kuwa haijatumika sana, kilomita chache kweli, na matairi yake yote yakiwa ya kutupwa.

Hesabu ya usiku kwa usiku haimalizi habari yote, ingawa ningependa kila mnunuzi aanzie hapo. Mama yangu ana mgongo unaomsumbua. Kwenye gari dogo, safari ndefu ilikuwa adhabu kwake, na alikuwa amefika mahali pa kukataa kusafiri kabisa. Sasa tukiwa njiani nasimama, nakunjua kiti, anajinyoosha nusu saa, namchemshia maji ya moto ya kunywa, tunaendelea. Anajua choo kipo, kitanda kipo, na hatumsumbui mtu. Amewaona wajukuu zake waliokuwa wanakaa mbali, jambo ambalo nilikuwa nimelikatia tamaa. Sijui kuipa bei jambo hilo na sitajaribu. Najua tu kwamba lisingewezekana kwa vani ya kukodi inayohitaji kupangwa miezi kabla, kwa sababu mgongo wake hautoi taarifa ya siku njema.

Wapo wanaolipia vani zao kwa kuzikodisha kwa wengine. Inawezekana, ila soma bima yako kwanza: bima ya matumizi binafsi kwa kawaida haigusi ukodishaji, na ile ya biashara ni ghali zaidi. Pia siku wateja wanazozitaka ndizo siku unazozitaka wewe. Njia iliyonifaa ni nyingine. Dada yangu huichukua kwa vipindi tulivyokubaliana, jina lake limo kwenye bima, na analipa sehemu yake ya gharama za kusimama. Tuliandika makubaliano hata kama ni ndugu: nani anabadilisha mtungi, nani analipa ikikwaruzwa, tangi la maji machafu linarudi likiwa tupu.

Kwa kila kilomita ninayotembea naweka kiasi kidogo kwenye akaunti ya pembeni kwa ajili ya matairi, mkanda wa taiming wa injini na betri ijayo. Mkanda ulipofika muda wake kubadilishwa, pesa ilikuwapo na sikukopa. Anayetaka kujua kama anaweza kumudu vani aanze kuweka kiasi hicho sasa hivi, kabla ya kununua, na akodi moja kwa siku chache katika msimu wa mvua, si wa jua. Akiweza kuendelea kuweka pesa hiyo, na mvua ikimkuta bado ana hamu ya kulala humo, aje nimpe namba ya fundi wa mbao.