Uzoefu wangu: vidonge vya homeopathia nikiwa na lupus

Nina lupus ya mwili mzima, ile inayoandikwa SLE kwenye faili, na figo zangu nazo zimeguswa. Kwa zaidi ya nusu mwaka nilitumia dawa za homeopathia, yaani punje za sukari zilizonyunyiziwa dawa iliyopunguzwa mno kwa maji, kutoka kliniki moja ya tiba mbadala hapa Dar es Salaam, huku nikiendelea na za hospitali. Kliniki sitaitaja. Naandika kwa sababu kwenye makundi ya WhatsApp ya wagonjwa swali hili halikauki: "Jamani, kuna aliyejaribu homeopathia? Nasikia haina madhara."

Jibu fupi ni hili. Kusikilizwa nilikosikilizwa pale sijawahi kukupata hospitali yoyote. Vidonge vyenyewe havikufanya lolote ambalo kipimo cha mkojo kingeweza kuliona. Na kuna chupa moja waliyonipa ambayo mgonjwa wa lupus hatakiwi hata kuifungua. Jibu refu linaanzia kwenye ugonjwa, maana usipoujua unavyotembea, kila mwenye chupa atakuaminisha kuwa yeye ndiye aliyekuponya.

Kwenye lupus kinga ya mwili inaacha kutofautisha adui na mwenyeji. Inatengeneza kingamwili zinazokwenda kushambulia ngozi, viungo, damu, mapafu, figo, wakati mwingine hata ubongo. Katika wagonjwa kumi, tisa hivi ni wanawake, na wengi huanza kuumwa wakiwa katika umri wa kuzaa. Huku kwetu kabla jina la lupus halijatajwa unazungushwa kwanza: malaria, taifodi, UTI, halafu TB na VVU, kwa sababu unakonda, homa za jioni haziishi na nywele zinabaki kwenye kitana. Wengine wanapelekwa kwa waganga kuangaliwa wamerogwa na nani. Upele wa mashavuni wenye umbo la kipepeo, vitabuni unaonyeshwa mwekundu. Kwenye ngozi yangu ulikuwa wa kahawia iliyokolea, na jirani yangu akaniuliza kwa upole natumia mkorogo gani.

Sasa lililo kubwa: lupus inalala na kuamka. Inaweza kukulaza kitandani wiki kadhaa, kisha ikatulia yenyewe au kwa msaada wa dawa, ukasahau kama unaumwa. Watu hutafuta tiba mpya pale hali ilipokuwa mbaya kabisa. Baada ya hapo mara nyingi inapungua, na sifa zinakwenda kwa kilichonywewa wiki hiyo, kiwe maji ya baraka, mlonge au punje za sukari. Shangazi yangu, aliyenielekeza kliniki ile, alikuwa na ushuhuda wa goti lake. Magoti nayo yana siku zake.

Aliyesukuma safari ni mama. Prednisoloni, dawa ya steroidi ninayopewa hospitali, ilikuwa imenijaza mashavu mpaka watu wa ofisini wakawa wananipongeza kwa kunenepa. Mama hakupenda. "Mwanangu, hizi dawa zinakumaliza. Twende kwa shangazi yako anakokwenda, kule hawatumii kemikali." Nilikubali kwa sharti kwamba siachi kidonge hata kimoja cha hospitali. Daktari wangu wa figo nilimwambia. Alikunja uso, akasema lete kila chupa niione.

Kliniki ilikuwa safi, kimya, na hakuna foleni. Ziara ya kwanza Sh 50,000, na dawa zililipiwa pembeni, bima hailipi. Aliyenihudumia alinikalisha karibu saa nzima na nusu. Aliniuliza naota nini. Naogopa nini. Nalala upande gani, napenda maji ya baridi au ya moto, nikilia napenda kubembelezwa au niachwe peke yangu, napenda chumvi au sukari, jua linanifanyaje, marehemu baba aliondokaje. Hospitali yenye wagonjwa mia kwenye benchi hakuna wa kukuuliza baba yako aliondokaje. Nilitoka pale nimelia, na nikiwa mwepesi. Kama ningeipa nyota huduma hiyo peke yake, ningeipa zote tano bila kusita, na nadhani nusu ya shuhuda za homeopathia zinatoka hapo, kwenye kiti, kabla ya chupa kufunguliwa.

Dawa ya kwanza iliandikwa Natrum muriaticum 30C. Anasema ni dawa ya watu wenye huzuni ya ndani, wasiopenda kubembelezwa, wanaodhuriwa na jua. Nilipofika nyumbani nikatafuta. Ni chumvi ya kawaida, hii ya jikoni. Ya pili, aliyonipa baadaye kwa ajili ya lile doa la puani na mashavuni, ilikuwa Sepia, yaani wino wa dome. Mimi ni mtu wa mkoa wa Tanga, dome nimekula sana, nikacheka peke yangu sebuleni.

Lakini tusicheke kabla ya kusikia hoja yao. Homeopathia ilianzishwa na daktari wa Kijerumani, Samuel Hahnemann, aliyezaliwa mwaka 1755. Mwaka 1790 alikula gome la mkwinini akiwa mzima, akajisikia dalili kama za homa ya malaria. Akahitimisha kwamba kinachomletea mzima dalili fulani ndicho kitakachomponya mgonjwa mwenye dalili hizohizo. Mwaka 1810 akatoa kitabu cha kuufafanua mfumo wake. Tukumbuke hali ya siku zile: madaktari walikuwa wakiwatoa wagonjwa damu kwa ndoo na kuwanywesha zebaki. Mgonjwa wa Hahnemann aliyepewa maji matupu alikuwa na bahati kuliko jirani yake.

Utata uko kwenye upunguzaji. Hiyo 30C maana yake sehemu moja ya chumvi inachanganywa na sehemu 99 za maji au spiriti, inatikiswa, kisha sehemu moja ya mchanganyiko huo inachanganywa tena na 99 nyingine, na hivyo mara 30. Ukipiga hesabu, ni sehemu moja ya chumvi katika sehemu ambazo idadi yake ni 1 ikifuatiwa na sifuri 60. Ukishafika hatua ya 12 hivi, uwezekano wa kubaki hata molekuli moja ya kitu cha mwanzo ni mdogo mno. Wao wanasema kadiri unavyopunguza ndivyo nguvu inavyoongezeka, kwa sababu maji yanakumbuka. Nilimuuliza yule wa kliniki kwa nini maji hayo yanakumbuka chumvi na kusahau mabomba yote yaliyopita. Akatabasamu, akasema, "Dada, sayansi bado haijafika huko." Kilichobaki ni punje za sukari zilizonyunyiziwa. Unazimimina kwenye kifuniko bila kuzigusa kwa mkono, unaweka chini ya ulimi, hunywi kahawa, na dawa ya meno yenye mnanaa unaiacha.

Mwaka 2015 baraza la utafiti wa tiba la Australia lilipitia tafiti nyingi likasema hakuna ugonjwa wowote ambao kuna ushahidi wa kuaminika kwamba homeopathia inautibu. Mwaka 2017 huduma ya afya ya taifa ya Uingereza iliwataka madaktari wake waache kuiandikia wagonjwa, na Ufaransa, ambako ilikuwa imezoeleka sana, bima ya serikali iliacha kuilipia mwanzoni mwa 2021. Hapa kwetu Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lipo tangu sheria ya mwaka 2002, na cheti kikiwa ukutani wengi wanadhani serikali imethibitisha kwamba dawa inaponya. Kusajiliwa kwa mtoa huduma na kuthibitishwa kwa dawa kuponya lupus ni mambo mawili tofauti.

Kinachonishangaza mimi ni huo mkwinini. Kidonge ninachokitegemea kuliko vyote, haidroksiklorokwini, ni cha ukoo wa kwinini. Kwinini ilijaribiwa kwa upele wa lupus huko Uingereza tangu karne ya 19, na haidroksiklorokwini yenyewe iliidhinishwa Marekani mwaka 1955. Yaani mti mmoja umezaa njia mbili. Mmoja alionja gome akaishia kwenye maji yasiyo na kitu. Wengine walilichambua gome, wakapata kwinini, na baadaye maabara zikatengeneza jamaa zake zinazopimwa kwa miligramu. Na kule Amani, milimani juu ya Muheza, Wajerumani waliipanda mikwinini kwenye kituo chao cha utafiti zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Ninyi mnaosema dawa za hospitali zote ni kemikali za kizungu zisizo na asili, ukoo wa dawa hii una mizizi karibu na kwa bibi yangu. Mwaka 2020 dunia ilipoikimbilia haidroksiklorokwini kwa ajili ya korona bila ushahidi wa kutosha, sisi wenye lupus ndio tuliohangaika maduka ya dawa.

Turudi kliniki. Wiki chache baada ya kuanza, upele ulizidi na vidole vikawa haviwezi kufunga vifungo vya blauzi. Nikampigia. Akafurahi! Akaniambia hiyo ni dawa inafanya kazi, ugonjwa unatoka ndani kuja nje, lazima uzidi kidogo kabla ya kuisha. Hili ndilo lililonitisha kuliko chumvi na wino wa dome. Ukipata nafuu, dawa inafanya kazi. Ukizidiwa, dawa inafanya kazi. Sasa itakuwaje ijulikane kwamba haifanyi? Kwenye ugonjwa ambao figo zinaweza kuharibika bila kuuma hata kidogo, kumwambia mtu afurahie kuzidiwa ni kumchelewesha. Upele unauona kwenye kioo. Protini inayovuja kwenye mkojo huioni, labda utaona mkojo una povu au asubuhi kope zimevimba.

Nilikwenda kupima. Protini ilikuwa imepanda. Daktari akarekebisha dozi ya mycophenolate, dawa ya kuituliza kinga ya mwili, na protini ikashuka taratibu kwenye vipimo vilivyofuata. Katika kipindi hichohicho punje nilikuwa bado nameza. Shangazi mpaka leo anasema ni zile punje.

Baadaye nikaambiwa nimeishiwa nguvu, nikapewa toniki ya alfalfa. Alfalfa ni majani ya jamii ya kunde wanayolishwa ng'ombe wa maziwa, na toniki hii haijapunguzwa kama zile punje. Ni dawa mama, ile inayoandikwa Q kwenye lebo, mmea wenyewe umo. Mle ndani kuna kitu kiitwacho kanavanini ambacho kimehusishwa na kuiamsha lupus, na wagonjwa wa lupus hushauriwa kukaa mbali na alfalfa, iwe machipukizi au vidonge. Daktari wa figo aliposoma lebo aliiweka chupa upande wake wa meza na hakunirudishia. Kwa hiyo ile kauli ya "haina madhara" ni kweli kwa 30C, lakini duka la homeopathia haliuzi 30C peke yake. Soma lebo. Ukiona herufi Q au maneno ya Kilatini yasiyo na namba ya upunguzaji, uliza kabla ya kumeza.

Kilichonitoa kabisa ni prednisoloni. Ziara ya mwisho nilielezwa kwamba steroidi zinaizuia dawa ya homeopathia, niziache ili mwili ujitibu. Kama hujui, mtu aliyetumia prednisoloni kwa muda mrefu mwili wake hupunguza kutengeneza homoni ya aina hiyo. Ukikata ghafla unaweza kuanguka, presha ikashuka, ukafa hata kabla lupus haijaamka. Hupunguzwa kidogokidogo na daktari, kwa wiki au miezi. Nikamshukuru, nikalipa, sikurudi. Mama, aliyekuwa amekaa pembeni yangu, alimwambia kwa adabu zote, "Mwanangu, hilo usimwambie tena mtu mwingine." Mimi sikuongeza neno.

Je, nakukataza kwenda? Kama una hela, unataka mtu akusikilize, na una uhakika hutaacha dawa zako, hiyo ni hela yako. Lakini kama una mimba au unaitafuta, kama figo zimeguswa, au kama unaamini kirahisi ukiongewa kwa upole, usiende peke yako. Na kwenye mimba nakazia: haidroksiklorokwini kwa kawaida huendelea, mycophenolate huwa inaondolewa mapema kwa sababu inadhuru mtoto tumboni. Mpango huo unafanywa na daktari wako, miezi kabla.

Kwa homeopathia kama tiba ya lupus natoa nyota moja kati ya tano, na hiyo moja ni ya kile kiti. Hospitali nazo nazinyima nyota mbili, kwa sababu hakuna sababu ya mtu kulipa Sh 50,000 kwingine ndipo aulizwe kama analala.

Hela iliyokuwa inaenda kliniki sasa nanunulia mafuta ya kujikinga na jua ya SPF 50, ambayo bei yake inatia hasira na mengine yanaacha weupe usoni kama umejipaka unga, kwa hiyo jaribu kidogo mkononi kabla ya kununua chupa nzima. Nina kofia pana na nguo za mikono mirefu za kitambaa chepesi. Dawa za maumivu kama diklofenaki za kununua dukani sizigusi, figo hazizipendi. Mkojo napima kila ninapopangiwa hata nikiwa mzima kama simba, na macho yanaangaliwa mara moja kwa mwaka kwa sababu haidroksiklorokwini ikitumika miaka mingi inaweza kugusa retina. Mwenye kujua duka Dar linalouza mafuta ya jua yasiyoacha weupe kwa bei ya kibinadamu, aniandikie.