Ua la kupanda nyumbani Dodoma: nunua kwa mpangilio huu

Mvua yetu ni Desemba mpaka Aprili hivi, wastani hata milimita 600 kwa mwaka haifiki, miezi iliyobaki ni jua na upepo tu, kwa hiyo kabla hujampa hela muuza miche jiulize Septemba na mgao utamwagilia na nini.

Namba moja kwangu ni adeniam, ile wanaiita dezati rozi. Ni ya huku huku, porini ipo, maji inatunza kwenye shina. Ukienda kununua, maua yake yasikuvutie kwanza, bonyeza shina pale chini kwa kidole gumba, likiwa gumu beba, likibonyea kama nyanya iliyoiva rudisha, limeshaoza ndani hata kama juu limechanua vizuri. Ukitaka lile tumbo nene omba iliyooteshwa kwa mbegu. Panda kwenye mchanga mwingi na samadi kidogo. Ila utomvu wake ni sumu jamani, Wahadzabe wanapaka kwenye mishale, so kama una mtoto wa kutafuna kila kitu iweke mbali.

Ya pili bogenvilia, kwa fensi haina mpinzani, na ukiizidishia maji inakupa majani matupu. Kiriba, yaani ule mfuko wa mche, chana taratibu, udongo usibomoke, mizizi yake haitaki kusumbuliwa.

Tatu haibiskasi. Inakunywa zaidi, na geuza majani kabla ya kulipa, ukikuta vidung'ata weupe huko chini sepa.

Mwisho kabisa haidrenjia, najua ndo mnayoitaka sababu ya picha za harusi. Ile aina inayoitwa Annabelle asili yake misitu ya mashariki mwa Marekani, kivulini kwenye unyevu, sasa uilete kwenye jua la saa nane la hapa! Kama umeshaamua, weka kwenye chungu upande wa mashariki wa nyumba ipate jua la asubuhi tu, tandaza majani makavu juu, na kiangazi usiruke kumwagilia. Annabelle ikate bila woga, inachanua kwenye matawi mapya, ila za Kijapani nyingi zinachanua kwenye tawi la mwaka jana, ukikata ovyo umekata na maua. Na usiongezewe bei kisa ni ya bluu, bluu inataka udongo wenye asidi, maji ya visima vyetu mengi ni magumu, taratibu itageuka pinki. Muuzaji akibisha mwambie akupe na udongo wake.