Kutwa au bweni kwa anayeanza kidato cha kwanza Sikonge, mkoani Tabora?
Kwa gharama, shule ya kata ya kutwa inashinda waziwazi. Ada ilifutwa mpaka kidato cha nne tangu 2016. Zinabaki sare, madaftari na chakula cha mchana. Bweni hudai godoro, sabuni na nauli za likizo.

Mahudhurio ni habari nyingine. Sikonge na Urambo ni nchi ya tumbaku: anayelala nyumbani huitwa shambani kazi zikizidi, na mto ukijaa masika hafiki darasani. Binti anayetembea saa mbili kwenda tu, mimi ningempeleka bweni hata kwa kuuza mbuzi, mradi kuna matroni anayelala hapohapo. Shule ikiwa jirani, na wewe mzazi humtoi darasani kuvuna, kutwa inamtosha.