Ushauri nasaha kwa wapigapicha wa vita na maafa: huduma inayoielewa kazi yetu

Washauri niliowahi kuwaendea walitaka kusikia habari za mabomu. Huyu wa huduma hii, tunayeonana kwa video, aliniuliza: "Picha unazichagulia wapi, na saa ngapi?" Nikajua nimempata anayeifahamu kazi.

Kwenye tukio una shughuli: mwanga, umbali, usalama wako. Usiku, mbele ya kompyuta, ndipo unapoukuza uso wa mama anayelia hadi ujae kwenye kioo, ukague kama macho yametoka vizuri, kisha uandike jina lake na la mtoto aliyemzika. Unaitazama picha kwa muda mrefu kuliko ulivyomtazama mwenyewe. Mshauri alinifundisha kuzipitia zikiwa ndogo, kuzima sauti ya video nisipoihitaji, na kutofanya kazi hiyo chumbani ninapolala. Usingizi umerudi, ingawa si kila usiku.

Tulizungumza sana kuhusu swali tunaloulizwa wote: mbona hukumsaidia? Lilimwandama mpigapicha Kevin Carter wa Afrika Kusini kwa picha ya mtoto aliyedhoofika kwa njaa, tumbusi akiwa nyuma yake, aliyoipiga Sudan mwaka 1993. Mwaka 1994 alipata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari ya Marekani, na Julai mwaka huohuo akajiua. Watu husimulia kana kwamba picha hiyo moja ndiyo iliyomuua. Mshauri wangu hakukubali. Carter alikuwa amepiga picha za mauaji kwa miaka, na Aprili hiyo rafiki yake Ken Oosterbroek alipigwa risasi akafa akiwa katika kazi hiyohiyo, huko Thokoza karibu na Johannesburg. Kusikia hivyo kulinituliza, maana nami nilikuwa naitafuta picha moja ya kuilaumu.

Wahariri wa picha nao wanapokelewa, na ni haki yao. Tangu 2013 mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, DSM-5, unatambua kwamba hata kuona mambo ya kutisha kwenye kioo, ikiwa ndiyo kazi yako, kunaweza kuleta kiwewe.

Kasoro ni fomu ya kujiandikisha. Inakutaka uandike tukio baya kuliko yote kabla hujaongea na yeyote. Mwenzangu mmoja aliifunga hapohapo na hajairudia. Inaniuma, kwani yeye aliihitaji kuliko mimi. Waiondoe sehemu hiyo. Kwa sasa andika tu "nitaeleza tukionana". Mimi niliandika hivyo, wakanipokea.