Uzoefu wangu na mtandao wa LoRaWAN katika shamba la mishiri, Timau

Shamba letu la mishiri, yaani maharagwe mabichi ya kijani, liko Timau, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, ambako wakati wa kiangazi maji ya mto hutumiwa kwa zamu, na valvu ikiachwa wazi pasipo haja, anayeumia ni jirani wa chini. Ndiyo sababu tulikodi huduma ya vihisi vya unyevu wa udongo vinavyowasiliana kwa LoRaWAN, yaani mtandao wa redio unaofika mbali kwa umeme mdogo.

Kampuni nyingine ilikuwa imependekeza kila kihisi kiwekewe laini yake ya simu, jambo ambalo lingetugharimu bando kwa kila kifaa, ilhali bondeni karibu na mto simu hazishiki. Katika LoRaWAN, vihisi vyote hutuma taarifa kwa mawimbi ya redio ya megahezi 868 hadi kwenye kituo kimoja cha kupokea, ambacho kwetu kimefungwa juu ya mnara wa tangi, na hicho pekee ndicho kinachohitaji intaneti. Kihisi kinapotuma kwa mwendo wa polepole kabisa, ujumbe mmoja hauzidi baiti 51. Picha haiwezi kupita humo, lakini unyevu, joto la udongo na hali ya betri hutoshea vizuri, na kwa kuwa kifaa hulala muda mwingi, betri hudumu miaka. Mkulima hahitaji kasi. Anahitaji mawasiliano yafike mbali kwa umeme mdogo.

Faida kubwa tuliipata kwa kulinganisha kihisi cha kina cha sentimita 20 na cha sentimita 40. Kile cha chini kilikuwa kikilowa kila tulipomwagilia, maana yake maji na mbolea vilikuwa vikiipita mizizi ya mishiri, ambayo mingi iko juujuu. Tukafupisha muda wa kufungua mipira ya matone na kuongeza idadi ya zamu, na maua, ambayo hupukutika upesi mmea ukikosa maji, yameshika vizuri zaidi.

Kasoro zipo. Mtoa huduma alituletea vihisi vilivyopimwa kwa udongo mwepesi, ilhali wetu ni mwekundu wa mfinyanzi, na ilitubidi tusisitize mpaka vikarekebishwa kwa sampuli ya shambani kwetu. Kituo nacho hakikuwa na mahali pa kuhifadhi taarifa, hivyo intaneti ilipokatika vipimo vya usiku vilipotea. Anayetaka huduma hii aulize hilo kabla ya kutia saini. Antena pia ziinuliwe juu ya mimea, kwa sababu majani yaliyolowa hudhoofisha mawimbi.

Kwa mwenye robo ekari anayeizungukia kila asubuhi, sioni haja ya kubeba gharama hii peke yake. Ila kituo kimoja huweza kuhudumia mamia ya vihisi, kwa hiyo majirani wanaochota mto mmoja wanaweza kukichangia, kila mmoja akanunua vihisi vyake tu.