Toto, "Africa": wimbo nyota tano, video nyota mbili tu

Huu wimbo hata kama hujui jina lake unaujua, zile redio za usiku zinazopiga zilipendwa za kizungu haziwezi kumaliza wiki bila kuupiga, ni ule wenye kinanda kinachoanza taratibu halafu kiitikio kinakuja watu wote wanaimba kuhusu mvua ya Afrika. Mimi naupenda sana na nitautetea popote. Video yake siwezi kuitetea, na nitaeleza kwa nini, maana hivi vitu viwili watu wanavichanganya, wengine wanautukana wimbo kwa makosa ya video.

Bendi inaitwa Toto, Wamarekani wa Los Angeles, na kabla hawajawa bendi walikuwa wapigaji wa studio, yaani wale ambao staa akitaka kurekodi albamu anawaita wao. Wimbo ulitoka 1982 kwenye albamu ya Toto IV, wakauweka mwisho kabisa, na Februari 1983 ukashika namba moja kwenye chati ya Billboard kule Marekani, na ndio namba moja yao pekee pale mpaka leo. Waliouandika ni David Paich wa kinanda na Jeff Porcaro wa dramu. Steve Lukather mpiga gitaa hakuuamini kabisa, mwenyewe ameshasimulia mara nyingi kwamba alisema huu wimbo ukihit atakimbia uchi barabarani Hollywood.

Sasa sikiliza kwa hedifoni, sio kwa spika ya simu tafadhali. Kitu cha kwanza ni ile midundo ya chini kabisa. Porcaro na mpiga konga (zile ngoma ndefu za kupigwa kwa mikono) anaitwa Lenny Castro walipiga pamoja kwa muda mrefu, halafu wakachagua kipande kifupi kilichokaa vizuri kuliko vyote, wakakata tepu yenyewe, wakaunganisha mwisho na mwanzo ikawa inazunguka. Siku hizi prodyuza yeyote anafanya hivyo kwa kubonyeza kitufe, wao walifanya kwa wembe na tepu, na juu ya hiyo tepu inayozunguka ndipo Porcaro akapiga dramu zake. Ndio maana mdundo umetulia vile, haukimbii hauchelewi, lakini bado unasikia mikono ya watu na sio mashine. Baba yake Jeff, mzee Joe Porcaro, naye yumo humo kapiga marimba, zile za mbao zinazogongwa kwa vijiti.

Halafu kile kinanda. Ule mlio wa mwanzo unaofanana na tarumbeta unatoka kwenye Yamaha CS-80, na katikati kuna solo yenye mlio wa ilimba, ile ala ya Wagogo yenye vyuma vya kubonyezwa kwa vidole gumba, ila sio ilimba, ni kinanda kingine cha Yamaha, GS-1, kinaigiza. Hapa niseme ukweli, ukikisikiliza peke yake ni chembamba, hakina ule mvumo wa vyuma na mbao, mtu aliyewahi kumsikia marehemu Hukwe Zawose wa Dodoma akipiga ilimba hawezi kudanganyika hata sekunde moja. Lakini ndani ya wimbo kimekaa, kwa sababu kinaongea na zile konga na hakijaribu kuwa juu ya kila kitu.

Ila kinachoniua mimi ni sauti. Kwenye beti Paich anaimba mwenyewe, sauti ya chini, kama anakusimulia jambo mko wawili tu, halafu kiitikio kinafika na sauti zinapangwa moja juu ya nyingine, Bobby Kimball, mwimbaji wa bendi, yuko kule juu kabisa. Waliowahi kuimba kwaya watalisikia hili: beti ziko kwenye ufunguo (sauti ya msingi ya wimbo) wa B na kiitikio kinaenda A, yaani ufunguo unashuka toni nzima wakati sauti za watu zinapanda, kwa hiyo unapata hisia ya kitu kufunguka badala ya kusukumwa. Wengi wangepandisha ufunguo, hawa wakashusha, na miaka zaidi ya 40 baadaye bado kila mtu anaimba pale hata asiyejua Kiingereza.

Mashairi sasa. Huko ndiko tunakogombana na watu. Wimbo unasema Kilimanjaro unainuka kama Olympus juu ya Serengeti. Kwanza Olympus ya Ugiriki ina mita 2,917 na Kili ina 5,895, nusu yake haifiki, kwa hiyo kama kuna mlima wa kusifiwa kwa kufananishwa na mwenzake basi ingekuwa kinyume chake. Pili ukisimama Seronera, katikati ya Serengeti, hata hewa iwe safi kiasi gani huioni Kili, kati hapo kuna nyanda za juu za Ngorongoro, kuna Arusha, kuna Meru yenyewe. Anayetaka tembo mbele na theluji ya Kili nyuma anaenda Amboseli, upande wa Kenya. Mimi ni mtu wa huku kaskazini na haya yananigusa, mlima wetu umeshaandikwa vibaya vya kutosha.

Pamoja na hayo nawasamehe, na sababu iko ndani ya wimbo. Paich wakati anaandika alikuwa hajawahi kukanyaga Afrika, picha aliyokuwa nayo aliipata kwa walimu wa shule yake ya Kikatoliki waliokuwa wamefanya umisionari huku, na ni kwao ndiko alikosikia habari za kubariki mvua. Aliyeimba hajifanyi mwenyeji. Ni mtu anayesubiri ndege, anamtamani mtu na anatamani mahali, na hajui aanzie wapi. Na ile mvua jamani, mtu wa Dodoma au Simanjiro anayesubiri masika huku ng'ombe wanaisha hahitaji kuelezwa kwa nini mvua iimbiwe kwa sauti ya juu namna ile. Hapo waligusa kitu cha kweli hata kama walikigusa kutoka mbali.

Video ndio imeharibu. Aliyeiongoza ni Steve Barron, huyo huyo wa "Billie Jean" ya Michael Jackson na "Take On Me" ya a-ha, kwa hiyo usiseme hakuwa na uwezo. Paich yuko maktaba, ana kipande cha picha kilichochanika chenye ngao, anatafuta kitabu kilikotoka, kuna dada mtunza maktaba anamwangalia, na bendi inapiga juu ya rundo la vitabu vikubwa sana, cha juu kimeandikwa Africa. Wazo hilo ni zuri kabisa! Mtu anaitafuta Afrika kwenye vitabu, ndicho wimbo unachosema. Wangeishia hapo ningewapa nyota nne. Lakini wakaleta kivuli, mkuki, mtu mweusi anayenyemelea bila jina wala neno, mkuki unarushwa, rafu za vitabu zinaanguka, moto unawaka. Kwa nini? Wimbo mzima hauna vita, hauna mtu wa kuogopwa, una mapenzi na mvua, halafu kwenye video Mwafrika pekee wa hiyo Afrika yao amekuja kama tishio. Hilo linaniudhi kila nikiiona, na mpangilio wenyewe wa picha ni wa kukatakata, ukizima sauti huwezi kuelewa nini kinatokea.

Msanii wa Namibia, Max Siedentopf, mwaka 2019 aliweka spika sita kwenye jangwa la Namib, zikitumia umeme wa jua, zikipiga huu wimbo tu ukirudia na kurudia. Wimbo wa mvua jangwani pasipo mvua, bila mkuki, bila kivuli. Kwangu hiyo imeuelewa wimbo kuliko video.

Ile rekodi ya huu wimbo ya bendi ya Kimarekani Weezer ya 2018, iliyotokea baada ya mashabiki kuwasumbua Twitter wauimbe, ni safi lakini ni nakala tu, magitaa yameongezwa uzito na ule mdundo wa tepu ndio umepotea. Ukitaka kuwaona wenyewe wakipiga tafuta shoo yao ya Montreux, Uswisi, 1991. Lukather ndiye anabeba sehemu kubwa ya kuimba, yeye huyo aliyeukataa, na nyuma yuko Jeff Porcaro kwenye dramu, aliyefariki Agosti 1992. Angalia mkono wake wa kulia kwenye haihati (yale matoazi mawili yanayofunikana), acha mengine yote, angalia huo tu.