Arkham Asylum au Arkham City: ununue ipi kwanza?

Wengi wanaouliza wana pesa ya gemu moja, na washkaji wameshawaambia wachukue Batman: Arkham City kwa kuwa ndiyo kubwa na ndiyo ya baadaye. Mimi nasema anza na Arkham Asylum. Zote mbili ni kazi ya studio ya Rocksteady ya London, ya kwanza ilitoka 2009 na ya pili 2011. Sauti ni zilezile: Kevin Conroy ndiye Batman, Mark Hamill ndiye adui yake mkuu, Joker.

Sababu yangu ni upelelezi. Asylum inachezwa kwenye hospitali ya wahalifu vichaa iliyo kisiwani, na kuna askari msaliti anayesaidia kumteka Kamishna Gordon, mkuu wa polisi. Batman anachunguza kichupa cha pombe cha huyo bwana, kisha akiwasha macho ya kipelelezi, yaani kifaa cha kuonea vidokezo, harufu ya pombe inaonekana ikielea hewani na wewe unaifuata korido kwa korido. Baadaye unafuata tumbaku ya kiko cha Gordon kwa mtindo uleule. Macho hayo pia yanakuonyesha mifupa ya watu nyuma ya ukuta, mwenye bunduki mwekundu, asiye nayo wa buluu. Kasoro yake ni kwamba yanasaidia mno: unaweza ukajikuta umezunguka nusu ya kisiwa bila kukiona kwa rangi zake.

City nayo ina kesi zake. Joker anamlenga Catwoman, mwizi mwanamke, kwa risasi mahakamani, unachunguza kioo na sakafu, mstari unajichora wenyewe hadi kwenye mnara wa kanisa kule risasi ilikotoka. Safi sana! Ila dakika tano baadaye umeshavutwa na simu inayolia mtaani, mara mafumbo ya Riddler, adui mpenda vitendawili, ambayo yamepanda kutoka 240 hadi 440. Sijayamaliza na siyamalizi.

Kwenye ngumi, City iko mbele bila ubishi. Unazuia adui wawili au watatu kwa mpigo mmoja, na pambano na adui Mr. Freeze ni la kukaa sawa kwenye kiti, maana ukishamtega kwa mbinu fulani, hiyo haifanyi kazi tena. Linganisha na bosi wa mwisho wa Asylum, Joker aliyevimba misuli. Ovyo kabisa.

Halafu tahadhari moja kwa anayeanza Asylum. Kuna mahali kwenye sehemu za Scarecrow, adui anayewatia watu hofu, ambapo skrini itachafuka na gemu itaonekana imekufa. Usizime. Mimi nilichomoa diski, nikaipuliza, nikaifuta na fulana, nikaanza kumlaumu aliyeniuzia. Kumbe ndiyo hadithi yenyewe.

Sasa toleo gani. La kwanza kwangu ni Return to Arkham la 2016, la PS4 na Xbox One: gemu zote mbili pamoja na nyongeza zake, kwa hiyo swali la ipi linaisha. Sura na mwanga vimebadilishwa kidogo, na City huyumba kwa kasi ya picha, lakini inachezeka.

Mwenye kompyuta achukue matoleo ya Game of the Year (gemu na nyongeza zake), moja moja, akianza na Asylum. Hayahitaji mashine ya kisasa, hata bando haliumii sana ukilinganisha na gemu za siku hizi. Subiri punguzo, huja mara kwa mara.

Switch ina mkusanyiko wa gemu tatu tangu Desemba 2023. Hizi mbili ni sawa tu, lakini ya tatu, Arkham Knight, ilitoka ikikwamakwama, kwa hiyo usilipie mkusanyiko huo kwa ajili yake.

Mkiani naweka diski ya mtumba ya City ya PS3 au Xbox 360. Sehemu za Catwoman zilikuja na namba ya kufungulia, ya kutumika mara moja, ndani ya kasha jipya. Kwenye mtumba, mwenye diski wa kwanza alishaitumia. Asylum ya mtumba haina tatizo hilo. Kagua mikwaruzo, lipa, nenda kacheze.